Hamira ya mvinyo wa nanasi, Bagamoyo: awamu ya tatu

Lengo ni lilelile: mvinyo wa nanasi la Kiwangwa ambao bado unanukia matunda ukishakaa chupani. Awamu mbili za kwanza zilikuwa za kuhamisha mashapo kutoka ndoo hadi ndoo, mara kumi, ili hamira "izoee" kunukia. Haikuzoea. Ilichacha haraka zaidi, basi. Harufu haiisaidii hamira kuishi; inayowahi kuzaliana ndiyo inayobaki.

Safari hii uhai wa hamira umefungwa kwenye harufu yenyewe, kwa njia ambayo watengenezaji wa sake (pombe ya mchele) Japani wameitumia tangu miaka ya 1980. Trifluoroleusini ni sumu inayofanana na leusini, asidi amino ambayo hamira hujitengenezea. Seli ikiipokea hudhani leusini imejaa, inasimamisha uzalishaji, kisha inajenga protini mbovu na kufa. Zinazopona nyingi ni zile ambazo breki hiyo imekatika: leusini inafurika, na pamoja nayo alkoholi ya isoamili. Kimeng'enya cha jeni ATF1 huigeuza alkoholi hiyo kuwa isoamili asetati, yaani harufu ya ndizi mbivu. Hakuna jeni geni lililoingizwa.

Visahani vya kuoteshea hamira, kwa lita moja: glukosi gramu 20, mchanganyiko wa virutubisho usio na asidi amino gramu 6.7, aga (unga wa kugandisha) gramu 20, halafu sumu. Kundi la kwanza liliharibika kwa sababu ya dondoo ya hamira, kijiko kimoja tu. Leusini iliyomo ilishindana na sumu, na keshokutwa yake kisahani kizima kilikuwa cheupe kwa hamira. Bila dondoo zilitoka koloni 14, yaani vidoa vya hamira, kila kimoja kutoka seli moja iliyopona.

Lakini kupona si kunukia. Koloni nyingine hupona kwa kufunga mlango tu, sumu isiingie, na hizo hazina faida kwetu. Pua ndiyo inayoamua.

Sharubati ya nanasi lita 16, Brix 12 (asilimia ya sukari kwa uzito), sukari kilo 1.9 ili ifike 21. Metabisulfiti ya potasiamu, ya kuua vijidudu, gramu 1.4, kisha saa 24 za kusubiri. Diamoniamu fosfati gramu 3.2, nitrojeni ikipungua unapata harufu ya yai bovu. Lita moja kwa kila chupa, 14 za koloni na moja ya hamira mama, ile ya awali. Tikisa vizuri kabla ya kutia hamira, baada ya hapo usitikise tena: oksijeni huizima ATF1.

Joto ndilo linalotusumbua zaidi. Gunia bichi, linalosaidia sana bara, hapa pwani halifui dafu, maana hewa imeshiba unyevu na maji hayakauki. Kilichofaa ni beseni la maji na chupa za barafu, asubuhi na jioni, likakaa nyuzi 21 hadi 23. Chumba kikinukia ndizi usifurahi. Hiyo ni harufu inayotoroka na gesi, na haitarudi kwenye mvinyo.

Siku ya tisa: nyingi hazitofautiani na mama. Namba 11 ina ndizi, lakini juu yake kuna ukali wa dawa ya kufutia rangi ya kucha, yaani etili asetati, imetolewa. Namba 5 ni safi, ndizi kwanza kisha nanasi, na harufu inabaki hata glasi ikikaa wazi dakika 20.

Wiki hii namba 5 inaingia ndoo ya lita 20, na mama yake ndoo ya pili, beseni moja.