"Mwalimu, nipo lindo"

Kwa miaka minne nilifundisha hesabu jioni kwenye darasa la askari. Ada ililipwa na serikali, vitabu bure, ubao mpya. Walioadimika ni wanafunzi. Jumatatu wanakuja kumi na wanane, Alhamisi watano. Koplo mmoja, fundi wa magari, alikuwa na ujumbe wake wa kila wiki: "Mwalimu, nipo lindo." Siku akifika anakaa nyuma, ubavu ukutani, ili akisinzia apate pa kuegemea. Daftari lake ukilifungua mbele ni milinganyo. Ukiligeuza, zamu za mwezi mzima.

Mjadala wa elimu ya wanajeshi ukianza, watu hukimbilia G.I. Bill, sheria ya Marekani ya kuwasomesha askari waliotoka vitani, aliyoisaini Rais Roosevelt mwaka 1944. Sifa zake ni za haki: kufikia 1956, askari wa zamani wapatao milioni 7.8 walikuwa wamesoma kwa msaada wake, wengi wao wakijifunza ufundi, wala si chuo kikuu. Lakini haikuishia kwenye ada. Mwanzoni ilimpa asiye na wategemezi posho ya dola 50 kwa mwezi, mwenye nao 75. Yaani ilimnunulia mtu muda wa kukaa na kitabu. Na walengwa walikuwa wameshavua sare, hakuna wa kuwapigia filimbi saa kumi usiku. (Weusi wengi wa majimbo ya kusini waliambulia patupu, maana utekelezaji uliachwa mikononi mwa maofisa wa hukohuko na vyuo vilikuwa vya kibaguzi.)

Aliye bado kazini je? Mkuu mmoja aliniahidi kwa mdomo jioni mbili kwa wiki. Wiki iliyofuata ratiba ikapinduliwa, sikumlaumu sana. Lindo lazima lisimame. Ningekuwa mtunga sera, ningeandika somo kwenye orodha ileile ya zamu. Anayetaka kumtoa mtu darasani atafute kwanza wa kumbadili, kama anavyofanya akimtoa mtu lindoni.

Koplo wangu alikuwa anashusha giaboksi na kuirudisha huku anapiga soga. Alipouliza chuo cha kiraia, akaambiwa aanze mwaka wa kwanza, hana cheti. Miaka kumi na moja chini ya malori haikuhesabiwa hata muhula mmoja.

Siku ya mtihani aliingia na buti zake, ametoka zamu asubuhi ileile. Akaweka kalamu mezani, akaniangalia.

"Mwalimu, ukiona nimelala, nigonge bega."

Nilimgonga mara mbili.