Dumu la Kaka Idi

Mawese yalifika Jumapili kutoka nyumbani, kwenye dumu jeupe la lita tano, mfuniko umefungwa kwa mfuko wa nailoni na mpira juu yake. Joto la basi lilikuwa limeyayeyusha yote. Binti yangu akalinyanyua dumu hadi dirishani aone limejaa kiasi gani, jua likapenya katikati, na mimi nikaanza kucheka peke yangu.

"Baba, unacheka nini?"

Nikamwambia tule kwanza.

Ilikuwa mwaka 2004, Ujiji. Nilikuwa na miaka 13 na Kaka Idi 17. (Kaka Idi ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, na kwa ajili yake alikuwa ameongezewa damu mara nyingi.) Mwaka ule hatukuwa tunahangaika na maumivu wala kuishiwa damu. Tulikuwa na tatizo jipya ambalo mtaa mzima haukutuelewa: Kaka Idi alikuwa na chuma kingi mno mwilini.

Hebu jaribu kumweleza jirani jambo hilo. Kila mama mjamzito mtaani kwetu alikuwa anapewa vidonge vya kuongeza damu, ambavyo ndani yake ni hicho hicho chuma, na sisi tunasema chetu kimezidi. Bibi aliuliza kama mtoto amekula misumari.

Bi Mkubwa aliamua kwamba adui ni mboga. Akapiga marufuku maini na matembele, akatunywesha chai ya rangi kila baada ya chakula kwa sababu alisikia chai inazuia chuma kuingia. Hapo hakukosea, chai kweli inazuia. Lakini daktari alipoambiwa alitabasamu kwa huruma. Alisema chakula cha kutwa nzima kinaingiza mwilini kama miligramu moja au mbili tu, wakati chupa moja ya damu inakuja na kama 200 hadi 250. Na mwili wa binadamu hauna mlango wa kutolea chuma kilichozidi. Kikiingia kinakaa, kwanza kwenye ini, halafu kwenye tezi, mwisho kwenye moyo.

Baba alikuwa fundi seremala, kwa hiyo hesabu yake ilipita kwenye misumari. Chupa ambazo Kaka Idi alikuwa ameongezewa, zile tulizozikumbuka, zilikuwa 14. Mara 200, ni karibu gramu tatu. Msumari wa inchi mbili, kilo moja inatoka kama mia nne hivi, yaani gramu mbili na nusu kila mmoja. Akakaa kimya, akavigeuzageuza vidole vyake. Chupa nne kati ya zile alizitoa yeye mwenyewe mkononi mwake.

"Basi nimempigilia mwenyewe," akasema.

Daktari alimwambia bila hizo chupa kijana asingekuwepo. Baba akasema anajua. Sidhani kama kujua kulimsaidia kitu, na mpaka leo sijui ningemwambia nini.

Shida iliyofuata ilikuwa kupima. Kulikuwa na kipimo cha damu kinachoitwa feritini, na cha Kaka Idi kilikuwa kimepanda sana, lakini wiki ile alikuwa na malaria, na feritini hupanda pia mtu akiwa na homa. Huwezi kujua kipi ni chuma na kipi ni malaria. Kulikuwa na njia ya kuchoma sindano ndefu mpaka kwenye ini na kunyofoa kipande kidogo. Bi Mkubwa alisikia neno "kunyofoa" akaondoka chumbani. Na daktari akatusimulia, kama mtu anayesimulia habari za peponi, kwamba London mwaka 2001 walitoa utafiti wa kupima chuma cha moyoni kwa mashine ya sumaku, bila kumtoboa mtu hata kidogo. Sisi Kigoma tulimsikiliza kwa adabu.

Ikabaki njia ya zamani: mpe dawa inayokamata chuma, halafu kusanya mkojo wote wa saa 24 uone kimetoka kiasi gani. Dawa yenyewe ni deferoksamini. Ukiimeza haifai kitu, lazima iingie taratibu kwa sindano, kwa muda wa saa nane mpaka kumi na mbili, karibu kila usiku wa wiki. Dada yetu muuguzi alitafuta Dar es Salaam vichupa vichache, akaja navyo kwa treni. Vilitosha usiku mmoja, pengine miwili. Kaka Idi akalazwa, akatundikiwa dripu usiku kucha, asubuhi akarudishwa nyumbani na dumu jeupe jipya ambalo dada alitukataza kuligusisha na chombo chochote cha chuma.

Rangi ya mkojo ule sijawahi kuiona tena mpaka Jumapili iliyopita. Nyekundu inayoelekea manjano. Kaka Idi alifurahi sana. Alisema anaona misumari inatoka.

Saa 24 zilipotimia asubuhi ya pili, yeye hakuwa na nguvu, dada alikuwa ametangulia hospitali kuandaa karatasi, Baba yuko kazini. Nikatumwa mimi.

Nikapanda Hiace. Konda akaniambia, "Mawese weka juu, dogo." Nikakataa, nikalipachika dumu katikati ya magoti. Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa makamo, na ndoo ya dagaa miguuni. Gari halijafika mbali akaligonga dumu kwa kidole.

"Mwanangu, haya ya wapi?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Nauliza mawese haya ya wapi? Mbona mepesi hivi?" Akaliinamisha, akalitazama kwenye mwanga. "Haya wameyatia maji. Umeuziwa na nani, umeibiwa mchana kweupe!" Watu wa siti ya mbele wakageuka. Kigoma mtu haibiwi kwenye mawese halafu wengine wakae kimya.

"Siyo mawese, mama. Ni dawa."

Nilidhani nimejiokoa.

"Dawa ya nini?"

"Ya damu."

"Ya kuongeza damu?"

"Ya kupunguza chuma."

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa ziwa limejaa na inabidi lipunguzwe. Kisha akasema mjukuu wake ana upungufu wa damu, kucha zimekuwa nyeupe, na kama hii inafanya kazi kwenye damu basi nimmiminie kidogo tu, atalipa. Kikombe cha plastiki tayari kilikuwa mkononi, sijui kilitoka wapi. Mkono mwingine ulikuwa umeshika mfuniko, umeuzungusha mara moja. Nilisikia ule mlio mdogo wa plastiki ikiachia. Konda anaita abiria, redio inaimba, mimi jasho linanitoka, na yule mama anasema, "Kidogo tu, mwanangu, usiwe mchoyo."

"Ni mkojo," nikasema. Kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia.

Redio ndiyo peke yake iliyoendelea.

Yule mama aliukaza mfuniko polepole mpaka mwisho, akajifuta mikono kwenye khanga. "Wa nani?"

"Wa kaka yangu."

"Anaumwa sana?"

"Ndiyo."

Hakuuliza tena. Akaisogeza ndoo yake ya dagaa kwa mguu, akalibana dumu kati ya ndoo na siti ili lisianguke kwenye mashimo, na akaliwekea mkono juu mpaka niliposhuka.

Yaliyobaki ni mafupi. Daktari alipima: mililita 1,800. Akachukua sampuli kwenye kichupa, dada akaondoka nayo kwa treni kwenda Dar. Majibu hayakutufikia. Daktari alihamishwa, karatasi ikapotelea kwenye ofisi fulani, na vichupa vya dawa vilikuwa vimekwisha hata hivyo. Mwaka uliofuata Marekani waliidhinisha deferasiroksi, dawa ya kazi ile ile lakini ya kidonge cha kuyeyusha kwenye glasi ya maji, na sisi tuliisikia miaka mingi baadaye. Nimepiga hesabu mwenyewe: hata kama usiku ule dawa ilifanya kazi vizuri, chuma nilichokibeba mapajani kilikuwa na uzito wa punje mbili tatu za mchele.

Kaka Idi yupo. Anatumia hidroksiyurea, dawa ya kupunguza makali ya selimundu, kwa hiyo damu anaongezewa kwa nadra, na kuhusu moyo wake anasema mambo ya moyo aulizwe mkewe. Nilimpigia Jumapili usiku. Hakutaka habari za mililita. Aliuliza, "Lile dumu mlilitupa?"

Bi Mkubwa hajawahi kutupa dumu zima maishani mwake. Aliliosha kwa maji ya moto na majivu, akalianika juani siku tatu, na baada ya hapo nakumbuka limesimama jikoni, likiwa limejaa.

Binti yangu alikuwa anasikiliza mazungumzo yote. Akalitazama lile dumu la mezani, akanitazama mimi.

"Baba, si hili, eti?"

Nikamsogezea maharage.