Leo jumuiyani

Wapendwa, nimetoka jumuiya sasa hivi na moyo haujatulia.

Yule kaka aliyekuwa mweka hazina wa kikoba chetu, akatoweka na fedha za watu, leo kaja.
Kasimama mlangoni, kofia mkononi.
Kimya. Wengine tukajifanya tunasoma simu.

Na somo lenyewe sasa! Mathayo 18: mtumwa kasamehewa talanta elfu kumi, halafu anamkaba koo mwenzake kwa dinari mia. (Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Kwa hiyo mia si hela ndogo jamani, ni zaidi ya miezi mitatu ya jembe.)

Bibi mmoja, ambaye hela yake ya mabati ndiyo ilikwenda na maji, akainuka taratibu, akafuta kiti cha plastiki kwa ncha ya kanga.

"Karibu mwanangu, kaa. Deni liko palepale, ila chai inapoa."

Kile kiti alikifuta na kukifuta tena, wala hakikuwa na vumbi.

Mimi hela yangu bado inaniuma, sifichi.

Nyie mngempa mkono? Semeni ukweli.