Kabla ya Kulipia Makala ya Utafiti

Anayehitimu chuo hupoteza mambo ambayo hayaoni siku ya mahafali, na mojawapo ni nywila ya maktaba. Mwanafunzi hubofya na kusoma bila kujua kwamba chuo chake kimeshalipia majarida yale kwa niaba yake. Akishakuwa mwalimu wa sekondari, bwana shamba, tabibu au mwandishi wa habari, ukurasa uleule humwonyesha ikisiri ya aya moja, kisha humdai dola 30 au 40 kwa makala moja ya kurasa nane. Aliyeiandika makala hiyo hapati hata senti katika fedha hizo, na wataalamu walioipitia kabla haijachapishwa kwa kawaida huifanya kazi hiyo bila malipo.

Naona mtu binafsi hana sababu ya kulipa kiasi hicho kabla ya kutafuta kwa utaratibu. Makala nyingi zilizofungwa kwenye tovuti ya mchapishaji zina nakala nyingine mahali pengine, iliyowekwa kihalali na mwandishi mwenyewe, na chuo chake au na mfadhili wa utafiti. Kinachowakwamisha wengi ni kuanzia kwa mchapishaji na kuishia hapohapo.

Ni vyema kufahamu kwanza kwamba makala moja huwa na maisha matatu. Kuna muswada ambao mwandishi aliuwasilisha kwa jarida ukiwa haujapitiwa na mtu. Kuna muswada uliokubaliwa, yaani uliokwisha kusahihishwa kufuatana na maoni ya wahakiki. Na kuna toleo la mwisho lenye mpangilio, nembo na namba za kurasa za jarida. Wachapishaji wengi hulinda hilo la tatu, lakini humruhusu mwandishi kuuweka ule wa pili kwenye hifadhi ya kidijitali ya chuo chake, mara nyingine baada ya kusubiri miezi kadhaa. Kwa msomaji anayetaka hoja, takwimu na matokeo, muswada uliokubaliwa unatosha kabisa. Tofauti humfikia pale tu anapotaka kunukuu kwa kutaja ukurasa. Muswada wa kwanza unahitaji tahadhari zaidi. Wanafizikia wameizoea arXiv, hifadhi ya mtandaoni ya miswada ya aina hiyo, tangu 1991 na hawapotezwi nayo, lakini katika afya, ambako hifadhi kama hiyo, medRxiv, ilianzishwa mwaka 2019, huo ni utafiti ambao bado haujahakikiwa, na haufai kupelekwa moja kwa moja wodini au redioni.

Kazi yenyewe ya kutafuta ni nyepesi. Nakili kichwa kamili cha makala, kiweke ndani ya alama za kunukuu na ukitafute kwenye Google Scholar, huduma ya Google ya kutafuta makala za kitaaluma. Penye nakala ya bure, kiungo chake huonekana pembeni, upande wa kulia wa jibu. Kisipoonekana, shuka kwenye mstari mdogo ulio chini ya ikisiri, pale panapotajwa idadi ya matoleo, ukafungue orodha hiyo yote. Wengi huupita mstari huo bila kuutazama, ilhali muswada uliolala kwenye hifadhi ya chuo fulani mara nyingi hupatikana hapo. Kwa wanaotumia kompyuta, kuna kiendelezi cha kivinjari (programu ndogo ya kuongeza humo) kiitwacho Unpaywall, kilichotolewa mwaka 2017 na shirika lisilo la kibiashara. Hicho huisoma DOI, yaani namba ya utambulisho ya kudumu, ya makala uliyoifungua, na kikiikuta nakala halali ya bure popote pale, huweka kufuli la kijani ukingoni mwa ukurasa. Kwenye simu, ambako viendelezi vingi havifanyi kazi, Google Scholar pamoja na CORE, inayokusanya yaliyomo katika hifadhi za vyuo vya nchi nyingi, vinatosha.

Tuchukue jambo linalotuhusu. Mwaka 2004 sumukuvu kwenye mahindi iliwaua watu 125 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, kati ya wagonjwa 317 walioorodheshwa. Anayetaka kuwafundisha wakulima ukaushaji wa mahindi angeweza kudhani kwamba uchunguzi wa mkasa ule umefungiwa Ulaya au Marekani. Sivyo. Makala zake kuu zilitoka mwaka 2005 katika Environmental Health Perspectives, wakati huo likiwa jarida la taasisi ya serikali ya Marekani, na zinasomwa bure hadi leo. Moja inaonyesha kwamba asilimia 55 ya sampuli za mahindi zilizokusanywa sokoni zilivuka kiwango cha juu kilichoruhusiwa cha sehemu 20 kwa bilioni, na asilimia 7 zilivuka hata sehemu 1,000. Muhtasari wa gazeti hauwezi kumpa bwana shamba undani wa namna hiyo.

Makala za afya kwa kweli zina nafuu kuliko nyingine, kwa sababu wafadhili wameweka masharti. Tangu 2008, utafiti unaogharimiwa na taasisi za taifa za afya za Marekani ulipaswa kuwekwa PubMed Central, hifadhi yao ya bure mtandaoni, ndani ya miezi 12 baada ya kuchapishwa, na kuanzia Julai 2025 muda huo wa kusubiri umeondolewa. Wanaosoma historia, sheria au fasihi hawana bahati hiyo, ingawa JSTOR, maktaba ya majarida mtandaoni, humruhusu mtu yeyote aliyefungua akaunti ya bure kusoma makala 100 kwa mwezi mtandaoni, bila kuzipakua. Fasihi na isimu ya Kiswahili ina njia zake pia: Swahili Forum, linalotolewa Ujerumani, liko wazi lote, na AJOL, iliyoanzishwa mwaka 1998 kwa ajili ya majarida ya Afrika, ina mengi yanayopakuliwa bila malipo.

Ipo pia milango inayofunguliwa kwa taasisi tu. Research4Life, ambayo tawi lake la afya, Hinari, lilianzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, huzipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo maelfu ya majarida bila malipo au kwa ada ndogo. Mtu binafsi hawezi kujiandikisha. Lazima maombi yapitie hospitali, chuo, kituo cha utafiti au ofisi ya serikali. Kwa hiyo swali la kumpelekea mkuu wa kitengo ni moja: je, sisi tumejiandikisha, na nani anazo nywila? (Huwa zipo, kwenye droo ya mtu aliyehamishwa.) Wahariri wa Wikipedia nao, ikiwemo ya Kiswahili, hupewa maktaba yao ya majarida wakishafikisha mahariri 500 na akaunti yenye umri wa miezi sita, mradi wawe bado wanahariri.

Sitaikwepa Sci-Hub, tovuti inayotoa bure makala za kulipia bila idhini ya wachapishaji, kwa kuwa kila mwanafunzi anaijua. Ilianzishwa mwaka 2011 na Alexandra Elbakyan wa Kazakhstan, na mwaka 2017 mahakama ya New York iliamuru mchapishaji wa majarida Elsevier alipwe fidia ya dola milioni 15. Naielewa kabisa njaa iliyoifanya ipendwe, lakini simwelekezi mtu huko. Ukiacha sheria, anwani zake huhamahama na za kughushi ni nyingi, tena tangu kesi ilipofunguliwa Delhi mwishoni mwa 2020 imekuwa ikiongeza makala mpya kwa nadra sana, kwa hiyo anayetafuta utafiti wa karibuni huambulia patupu.

Njia ninayoiamini kuliko zote ni kumwandikia mwandishi. Anwani ya barua pepe ya mwandishi wa mawasiliano, yaani yule anayejibu maswali kuhusu makala, mara nyingi huonyeshwa hata kwenye ukurasa uliofungwa, na wachapishaji wengi humruhusu kumpa msomaji mmoja mmoja nakala. Barua iwe fupi: salamu, kichwa kamili cha makala na mwaka wake, sentensi moja juu ya kazi unayoifanya na sababu ya kuihitaji, kisha ombi la nakala au, asipoweza kuitoa, muswada uliokubaliwa. Usieleze umaskini wa chuo chako wala usiombe makala zake zote kwa mkupuo. Watafiti hufurahi kusomwa, na wengine huambatanisha hata hojaji au data walizotumia, vitu ambavyo dola 40 zisingekupatia. Kimya kikizidi wiki mbili, usimlaumu; huenda amehama chuo na anwani ile imekufa. Litafute jina lake kwenye ORCID, orodha ya mtandaoni ya watafiti, uone yuko wapi sasa, au mwandikie mwandishi wa kwanza katika orodha, ambaye mara nyingi ndiye mwanafunzi aliyeifanya kazi yenyewe na anayo nakala kwenye kompyuta yake.