Siku moja maishani mwangu: kuvuta magogo mlimani kwa waya

Saa 12 asubuhi nipo juu barabarani, nakagua mnara wa winchi, ile mashine ya kuvuta waya, kabla mtu hajawasha chochote. Waya zinazoushikilia mnara, visiki tulivyozifungia, makapi (magurudumu ya kupitishia waya), vyote navigusa kwa mkono. Kisiki kikilegea watu wanaumia, so hapo sina haraka kabisa.

Saa 1 tunapeana majukumu. Usiku mvua imenyesha, trekta halishuki, na kwa mteremko huu hata pakiwa pakavu lingechimba mifereji tu maji yakabeba udongo wote bondeni. Waya ndo mpango, gogo linainuliwa kichwa, mkia tu ndo unaburuzika.

Saa 2 wakataji wako mbali na sisi, wanalaza miti upande mmoja, mashina yanaelekea njia ya waya. Inaonekana kitu kidogo ila mti ukilaliana na mwenzake, mfungaji, yule anayefunga magogo kwenye waya, anahangaika nao weee, huku winchi inanguruma bure inakula dizeli.

Saa 4 nashika stopwochi. Kila mzunguko naugawa: kigari kinachotembea kwenye waya na kubeba magogo kushuka, kufunga, kuvuta, kufungua, na kusubiri nakuandika peke yake. Jamani winchi spidi inayo, muda unapotelea kwenye kufunga! Ndo maana sasa tuna vitanzi vya waya vya ziada, mzigo ukishafika juu, wakati unafunguliwa, wa chini wanafunga unaofuata, kigari kikirudi ni kunasa tu. Na sitaki kuona kigari kinapanda na gogo moja jembamba, maana safari inachukua karibu muda ule ule ukibeba moja au matatu, mradi usizidishe uzito waya unaoruhusu. Ila mfungaji ajitoe kwanza, asimame salama, ndo atoe ishara kwenye redio. Hizo sekunde sizipunguzi hata bosi aseme nini.

Saa 7 uwanja wa kushushia magogo huku juu umejaa. Mashine ya kutoa matawi na kukata vipimo imezidiwa, lori halijafika, winchi imesimama. Ukiharakisha kuvuta bila kusafisha uwanja umehamisha foleni tu, so nawapigia madereva waje kwa kupishana, sio wote mchana.

Saa 10 nazima winchi, napiga hesabu ya mita za ujazo kwa saa, masaa ya kusimama nayaweka humo humo. Wawili wameshafunga kapi kwenye njia inayofuata, kesho kuhamisha waya kusitumalizie asubuhi yote.