Mwenye punda ndiye asikizwe kwanza

Watu huniuliza mbona kati ya wanyama wote nimeshikilia kutetea punda, kwani mbwa na paka hawateswi? Wanateswa sana, na nashukuru wako watu wanaowapigania. Lakini punda karibu kila kijiji kinamtumia, maji anabeba yeye, kuni yeye, simiti yeye, viazi vya kupeleka soko yeye, na akichoka anapigwa, akizeeka anafunguliwa barabarani ajitafutie, na mtu akipita pale akiona hashtuki hata kidogo. Hilo la kutoshtuka ndilo linaniuma kuliko fimbo yenyewe.

Wacha nianze na biashara ya ngozi, maana ndiyo ilituamsha wengi. Mwaka 2012 serikali ya Kenya iliingiza punda kwa orodha ya wanyama wa kuchinjwa, na kutoka 2016 vichinjio vikaanza kufunguliwa mpaka vikafika vinne, Mogotio kule Baringo, Naivasha, Machakos na Turkana. Nyama iliuzwa ndio, lakini pesa yenyewe ilikuwa kwa ngozi. Ngozi inapelekwa China, inachemshwa mpaka inatoa kitu kama gundi kinaitwa ejiao, wanaweka kwa dawa za kienyeji za kuongeza damu, kwa vipodozi, siku hizi hadi kwa vitafunio. Kwao wenyewe punda walikuwa karibu milioni 11 mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakapungua hadi chini ya milioni 3, sasa macho yakageukia Afrika, maana huku ndiko kuna punda wengi zaidi duniani.

Na punda hazai kama kuku jamani. Anabeba mimba karibu mwaka mzima, wengine wanapitisha, anazaa mtoto mmoja, na huyo mtoto inabidi umngoje miaka kabla hajafungwa mkokoteni. Watafiti wa KALRO, lile shirika la Kenya la utafiti wa kilimo na mifugo, walipokaa chini wakahesabu, wakapata kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018 vichinjio vilikuwa vimemaliza punda 301,977, hiyo ni asilimia 15.4 ya punda wa nchi nzima, na wakaonya kwamba kwa hiyo kasi ikifika 2023 Kenya haitakuwa na punda. Yaani mnyama aliyekuwa hapa kabla ya barabara na kabla ya reli, miaka michache tu angekwisha, na sisi tunaangalia.

Halafu wizi ukaingia. Bei ilipopanda wezi wakaona hapa kuna pesa ya haraka, punda wanalala nje, hawana kelele nyingi ukiwazoea, unawatoa usiku unawapeleka kichakani. Asubuhi mwenyewe anafuata nyayo anakuta nyama imeachwa hapo hapo, kichwa kipo, kwato zipo, ngozi tu ndiyo imeenda. Jirani yangu mmoja alikuta wake wawili hivyo, alikuwa anawatumia kuuza maji mtaani, akaenda kituo cha polisi wakamwandikia OB, lile daftari lao la matukio, na hadithi ikaishia hapo. Wiki iliyofuata alikuwa anabeba madumu mgongoni mwenyewe, na binti yake mkubwa akawa anakosa shule siku za kuchota maji. Nikisikia mtu akisema haki za wanyama ni mambo ya wazungu wenye shibe namfikiria huyo mama na huyo binti.

Na walioingia vichinjioni hawakuwa wanachinjwa kwa amani. Wengine waliletwa kutoka mbali sana kwa malori, wamesimama wamebanana, bila maji, wengine wakivushwa mipakani kutoka nchi jirani, anayeanguka anakanyagwa na wenzake. Mapema 2019 video zilitoka zikionyesha punda wakipigwa kwa nguvu wakingoja zamu, na mimi niliziangalia nikashindwa kumaliza. Tulizisambaza sana hizo video, zilisaidia, watu walilia, watu walishare. Lakini nikiwa mkweli, kilichosukuma serikali ni wenye punda wenyewe, wauza maji, wakulima, akina mama, waliosimama wakalalamika kwa sauti kwamba riziki yao inaibiwa usiku. Februari 2020 waziri wa kilimo Peter Munya akapiga marufuku uchinjaji. Siku hiyo tulipigiana simu kama watu waliopata mtoto.

Furaha haikukaa. Kesi ikaenda mahakamani na 2021 Mahakama Kuu ikaliondoa lile katazo. Hapo ndipo nilielewa tangazo la waziri peke yake halitoshi, linaweza kuangushwa kwa karatasi za wakili mmoja. Wenzetu Tanzania nao walipitia hayo hayo, walikuwa na vichinjio Dodoma na Shinyanga, wakaja kufunga, na Desemba 2022 mkutano mkubwa wa Afrika kuhusu punda ukafanyika hapo hapo Dar es Salaam. Kutoka huo mkutano ndiyo njia ikafunguka mpaka Februari 2024, marais wa Umoja wa Afrika wakiwa Addis Ababa wakakubaliana kusimamisha biashara ya ngozi za punda bara zima kwa miaka 15. Bara zima! Sijawahi kuona viongozi wetu wakikubaliana kitu cha mnyama namna hiyo.

Sasa kazi iliyobaki ni kila nchi kuandika sheria yake na kuisimamia, kwa sababu mwizi wa Naivasha hajui Addis Ababa ilisema nini. Ngozi ikikauka ikafungwa gunia inapita na shehena nyingine na afisa asiyeangalia hawezi kujua. Tunataka bandarini na mipakani waangalie. Tunataka sokoni anayeuza punda aulizwe amemtoa wapi, chifu aandike barua kama vile ng'ombe anavyoandikiwa. Sioni ugumu wowote hapo.

Lakini kuna upande mwingine ambao wengi hawapendi nikiuongelea, ni huku nyumbani. Tulipiga kelele kuhusu China, sawa, na huyu anayelazwa na kidonda kila siku je? Mimi huenda na daktari wa mifugo siku za soko, wakati mikokoteni imejipanga ikingoja mizigo, na ukifungua ule mkanda wa kifuani ndiyo unaona. Nyingi zimeshonwa kwa magunia ya nailoni au vipande vya tairi, punda akitoka jasho nailoni inasugua, nywele zinatoka, kisha ngozi, kisha nyama nyekundu, na kesho anafungwa mkanda ule ule juu ya kidonda kile kile. Nimeona kidonda kipana kama kiganja, nzi wamejaa, na punda amesimama tu kimya masikio yamelala nyuma. Watu wanafikiri kimya ni kwamba haumwi. Punda huficha maumivu, ndivyo alivyo, akianza kuonyesha ujue ameumia muda mrefu.

Kijana mwenye huyo punda nilikuwa nimekuja na hasira zangu zote, nikamuuliza, "Wewe hii huoni?" Akaniambia, "Mama, naona. Nikimpumzisha leo watoto watakula nini?" Daktari akaniambia nikae pembeni kidogo. Akaosha kidonda kwa maji ya chumvi, akapaka dawa, akachukua blanketi kuukuu la pamba akalikunja akashona chini ya mkanda, akamwonyesha apange mzigo nyuma kidogo ili mti wa mkokoteni usikandamize shingo. Akamwambia ampumzishe siku mbili tatu, akopeshwe punda wa mwenzake, na hapo hapo wenzake wakakubaliana nani atamkopesha. Tangu hiyo siku sianzi tena na lawama. Pale Lamu kituo cha punda kiko tangu 1987 kinatibu bure, na huko ndiko ambako gari haliingii mitaani, mawe na mchanga vinapanda kwa shogi, ule mfuko wa mizigo, mgongoni mwa punda, na watu wameshazoea kumpeleka mnyama kutibiwa kabla hajaanguka.

Huwa nawasikia wakisema afe punda mzigo ufike, na wanaisema wakiwa wamemwinulia fimbo kabisa. Punda akifa huo mzigo haufiki, utabaki pale barabarani na wewe pembeni yake. Na sheria ipo, Sura ya 360 ya sheria za Kenya, inakataza kumpiga mnyama kikatili, kumzidishia mzigo, kumfanyisha kazi akiwa mgonjwa, lakini waulize polisi kumi njiani wangapi wamewahi kuitumia. Ningependa tuanze kwa kuifundisha, kwa baraza la chifu, kwa chama cha wenye mikokoteni, msikitini, kanisani, shuleni kwa watoto ambao ndio hutumwa kuchota maji na punda na ndio humpiga maana ndivyo walivyoona wakubwa wakifanya.

Kama uko karibu na soko lenye mikokoteni na una blanketi za zamani za pamba au sufu, usitupe, wapelekee wenye punda au wape kikundi cha karibu. Nailoni hapana. Na punda akiibiwa kwenu usinyamaze kwa sababu ati ni punda tu, piga ripoti, omba namba ya OB, mwambie chifu, waambie wenye mikokoteni wa masoko jirani, maana mara nyingi anapitishwa huko kabla hajafika kichakani.