Watangazaji Waliotutajia Majina: Redio ya Masafa ya Kati Tulivyoisikia Tabora

Kuna jambo moja ambalo watangazaji wa Radio Tanzania Dar es Salaam walilifanya kila siku, na ambalo sijalisikia likifanywa kwa uaminifu uleule tangu walipoondoka: hawakumwachia msikilizaji wimbo bila kumjulisha aliyeupiga. Kabla santuri au utepe haujaanza kuzunguka, mtangazaji aliitaja bendi, akataja mji inakotoka na mtindo wake, na mara nyingi akamtaja mtunzi au mwimbaji anayeongoza. Wimbo ukiisha, akarudia yote hayo kwa ajili ya aliyechelewa kufungua redio. Sisi tuliokulia Tabora katika miaka ya 1970 na 1980 tuliijua Morogoro kwa sababu ya Morogoro Jazz na Tanga kwa sababu ya Jamhuri Jazz kabla mwalimu wa jiografia hajatuonyesha miji hiyo ukutani. Tuliijua mitindo kama tulivyozijua koo za majirani: Msondo ni wa NUTA, Saboso ni wa Western Jazz, Afrosa ni wa Afro 70, na baadaye Sikinde ni wa Mlimani Park.

Kwa wasomaji vijana, ni vyema nieleze kwamba kwa muda mrefu Tanzania Bara ilikuwa na redio moja tu. Ilianza mwaka 1951 kama Sauti ya Dar es Salaam, ikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, kisha mwaka 1965 ikawekwa chini ya serikali na kuitwa Radio Tanzania Dar es Salaam, jina ambalo kila mtu alilifupisha kuwa RTD. Ilikuwa na Idhaa ya Taifa, Idhaa ya Biashara na idhaa ya nje, ile ambayo wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika waliitumia kuzungumza na watu wao. Idhaa ya Taifa ilikuwa ya wakubwa, yaani ngoma ya kuashiria taarifa ya habari, taarifa yenyewe ya saa mbili usiku, na Mazungumzo Baada ya Habari ambayo hakuna mtoto aliyethubutu kuyakatiza. Muziki ulikuwa katika idhaa zote mbili za nyumbani.

Kuisikia RTD kutoka Tabora, mji ulio zaidi ya kilomita 800 kwa reli kutoka Dar es Salaam, kulihitaji ujuzi ambao leo umepotea kwa kukosa matumizi. Mawimbi ya masafa ya kati hayana tabia moja mchana na usiku. Mchana, jua huifanya tabaka ya chini ya anga la juu iyanyonye mawimbi hayo, kwa hiyo yanayomfikia msikilizaji ni yale tu yanayotambaa juu ya ardhi, nayo huchoka njiani. Jua likizama, tabaka hiyo hufifia, na mawimbi yaliyokuwa yakinyonywa hupanda hadi tabaka ya juu zaidi, ambayo huyarudisha chini mamia ya kilomita kutoka yaliporushwa. Ndiyo maana watu wengi wa bara walitumia masafa mafupi mchana na kurudi kwenye masafa ya kati jioni, na ndiyo maana kumbukumbu zetu za redio karibu zote ni za usiku.

Redio yetu ilikuwa National ya masafa matatu, yenye kava la ngozi lililotobolewa matundu mbele ya spika, nayo ilikaa juu ya kabati katika nyumba tuliyopewa kwenye kota za reli. Baba ndiye aliyeigusa. Alijua kwamba antena ya masafa ya kati imo ndani ya redio yenyewe, kijiti cheusi kilichozungushiwa waya mwembamba wa shaba, na kwamba kijiti hicho hupokea vizuri ubavu wake unapoelekea mtambo. Kwa hiyo hakuhangaika kuvuta antena ya nje kama walivyofanya wengine, bali aliigeuza redio nzima taratibu hadi sauti ikatulia. Kwa masafa mafupi ilikuwa vingine: hapo tulitundika waya kutoka dirishani hadi kwenye mwembe, na Tabora haijapata kupungukiwa na miembe. Msimu wa mvua, tangu Novemba, kila radi iliyopiga upande wa Urambo au Sikonge ilisikika kama mkwaruzo ndani ya spika kabla hatujaisikia kwa masikio. Betri zilipochoka zilianikwa juani zirudishe nguvu kidogo, na zilihifadhiwa kwa ajili ya taarifa ya habari na kipindi kimoja cha muziki, ambacho kilichaguliwa kwa majadiliano ya nyumba nzima.

Katika uhaba huo wa betri, mtangazaji aliyepoteza muda wako angekuchukiza. Hawakupoteza. Ninawakumbuka Julius Nyaisanga, Enock Ngombale na Charles Hilary, ninamkumbuka Ahmed Jongo katika matangazo ya mpira, ambaye alimtaja kila mchezaji aliyeugusa mpira hata ukauona uwanja wote ukiwa umekaa kwenye mkeka mtaani Isevya. Kila mmoja alikuwa na namna yake. Nyaisanga, ambaye wasikilizaji walimwita Uncle J, alikuwa na sauti nzito isiyo na haraka, na alimtaja mwanamuziki kwa heshima ambayo watu wengine waliiweka kando kwa ajili ya viongozi. Hawakuzungumza juu ya wimbo unaoendelea. Hawakuukata kabla haujafika mahali ambapo magitaa huachiwa yazungumze yenyewe, sehemu ambayo kwa muziki wa dansi wa wakati ule ndiyo iliyobeba nusu ya utamu. Kiswahili chao kilikuwa safi kiasi kwamba walimu wetu walitutuma tukawasikilize, na nadhani agizo hilo lilitufaa kuliko vitabu vingi vya sarufi.

Tabora ilikuwa na sababu ya pekee ya kusikiliza kwa makini, kwa kuwa mji wetu ulikuwa mji wa bendi. Kiko Kids, chini ya Salum Zahoro, ilikuwepo tangu kabla ya Uhuru. Baadaye zikaja Tabora Jazz, wenye mtindo wa Segere Matata, na Nyanyembe Jazz, walioubeba katika jina lao uchifu wa Unyanyembe. Hata Western Jazz, iliyokuwa na makao yake Dar es Salaam, ilianzishwa na watu waliotoka huku magharibi, na jina lake linasema hivyo wazi. Bendi hizi tuliziona kwa macho: mpiga tumba alikuwa mtu unayempisha njiani Kanyenye na kumwamkia shikamoo, na mpiga gitaa alikuwa mpangaji wa shangazi wa mwenzako wa darasani. Lakini nyimbo zao hazikuwa zetu kikamilifu hadi zilipopanda treni kwenda Dar es Salaam na kuturudia hewani.

Safari hiyo ilikuwa na sababu zake. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatulia santuri, na bendi iliyotaka santuri iliangalia Nairobi, ambako kampuni zilikuwepo lakini fedha za kufika huko hazikuwepo. Kwa bendi nyingi za mikoani, njia iliyo wazi ilikuwa studio ya RTD pale Barabara ya Pugu. Bendi ilipiga, fundi mitambo akarekodi kwenye utepe, utepe ukaingia maktaba, na kuanzia hapo uhai wa wimbo ulikuwa mikononi mwa watangazaji. Wanamuziki hawakutajirika kwa mpango huo, na ninaona ni haki kusema kwamba walidhulumika, kwa sababu nyimbo zilizopigwa miaka na miaka ziliwaachia sifa bila kuwaachia nyumba. Hata hivyo sifa hiyo iliwafikia kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba jina lilitajwa. Utepe usio na mtu wa kuutaja ungekuwa kelele nzuri isiyo na mwenyewe.

Sijui kama ninaweza kuieleza sawasawa furaha ya jioni ambayo mtangazaji wa Dar es Salaam alisema, kwa sauti ileile aliyoitumia kwa Franco au kwa Mbaraka Mwinshehe, kwamba sasa tunakwenda Tabora. Watu waliokuwa wakila waliacha kula. Mama aliongeza sauti, jambo ambalo hakuliruhusu kwa sababu nyingine yoyote. Nyumba ya pili na ya tatu nazo zilikuwa zimefungua stesheni hiyohiyo, kwa sababu haikuwepo nyingine, na wimbo ulisikika mtaa mzima ukitembea kutoka dirisha moja hadi jingine. Kesho yake mwanamuziki aliyetajwa alipokelewa sokoni kama aliyerejea kutoka safari ndefu, ingawa hakuwa ameondoka mjini. Bendi ya nyumbani iliwekwa kwenye mstari mmoja na bendi kubwa za Dar es Salaam na za Kinshasa, na aliyeiweka hapo alikuwa mtu mmoja mwenye maikrofoni aliyeona kwamba haifai kusema tu "huu hapa wimbo mwingine".

Tabia hiyo ya kutaja haikuishia kwenye muziki. Vipindi vya salaam vilisoma majina ya watu wa kawaida kabisa, mkulima wa tumbaku, karani wa posta, fundi wa karakana ya reli, pamoja na wote aliotaka kuwasalimu, na Ugua Pole kiliwasalimu wagonjwa waliolazwa mbali na kwao. Matangazo ya vifo yalikuwa na muundo wake ambao hadi leo ninaweza kuusema bila kuusoma: fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza kifo cha fulani, na habari ziwafikie fulani wa Nzega, fulani wa Kaliua, fulani wa Kigoma Ujiji. Tangazo lilipomtaja mtu wa Tabora, aliyelisikia hakuwa na hiari. Nimewahi kumwona baba akivaa shati usiku na kuondoka kwa baiskeli kwenda kumpasha habari mtu asiyemfahamu vizuri, kwa kuwa jina lilikuwa limetajwa na huenda mwenyewe hakuwa na betri. Katika mkoa mpana kama ule, wenye treni isiyokuja kila saa na simu zilizokuwa ofisini tu, mtangazaji alikuwa mjumbe wa msiba, na aliifanya kazi hiyo polepole, jina kwa jina, asije akamkosea mtu mahali pa kuzika.

Usiku ukikomaa, mshale wa redio ulikuta pia Bujumbura, na muziki wa Zaire uliotoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika ukiwa na nguvu kana kwamba mtambo uko Kigoma. Wakimbizi wa Burundi waliokuwa wakiishi Ulyankulu tangu mwaka 1972 walizitafuta sauti hizo kwa sababu nzito kuliko zetu. Sisi tulitafuta rumba.

Mabadiliko yalikuja haraka. Sheria ya mwaka 1993 iliruhusu redio binafsi, Radio One ikaanza mwaka 1994, na Nyaisanga na Hilary walikuwa miongoni mwa waliohamia huko. Radio Free Africa ya Mwanza ilisikika vizuri Tabora kwa masafa ya kati. Kisha FM ikashinda, na ninaelewa kwa nini: sauti yake ni safi, haiingiliwi na radi, na mtambo wake mdogo unaweza kumilikiwa na watu wa mji mmoja. Mwaka 2007 RTD ya zamani ikawa sehemu ya Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC. Nyaisanga alifariki mwaka 2013, na Hilary mwaka 2025. Sina ugomvi na redio za leo kuhusu muziki zinaoupiga, kwa kuwa kila kizazi kina haki ya nyimbo zake. Ugomvi wangu ni kompyuta inayopanga nyimbo ishirini mfululizo na kumwachia mtangazaji kazi ya kuzungumza juu ya mambo mengine. Hata kipindi cha zilipendwa, ambacho kipo karibu katika kila kituo, hupita saa nzima bila mtu kuambiwa kwamba gitaa alilolisikia lilipigwa na kijana wa Ng'ambo, Tabora.

Wanamuziki wale wengi wamekwisha kufa. Majina yaliyotajwa hewani yamebaki katika vichwa vya watu wa rika langu, na katika karatasi za maboksi ya tepu huko Dar es Salaam kwa kadiri zilivyotunzwa. Ndiyo maana nimeanza kuwatembelea wazee wa Isevya, Gongoni na Kanyenye nikiwa na simu yenye nyimbo hizo. Ninawapigia wimbo, ninausimamisha, na kuuliza: huyu wa solo ni nani, na huyu wa besi, na tarumbeta hii? Mara nyingi wanajibu pamoja na jina la baba yake na nyumba aliyokaa. Ninaandika yote, wanapotofautiana ninaandika majibu yote mawili, na orodha ya kila wimbo nitaiweka hapa na kuipeleka pia kwa watangazaji wa redio za Tabora, ili wakiupiga wawe na la kusema kabla ya kuanza na baada ya kuisha. Mwenye mzazi au babu aliyepiga Kiko Kids, Tabora Jazz au Nyanyembe, au aliyekuwa akiwabebea vyombo kwenda stesheni, aniandikie jina lake, chombo alichopiga, na miaka aliyokuwa kwenye bendi.